Shule ya kimataifa isiyolijua ziwa

Tangu mtaala mpya uanze kutumika Januari 2024, na zaidi baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, kuzinduliwa Dodoma mwanzoni mwa mwaka 2025, kuna kauli naisikia Mwanza kila walipokaa wazazi wawili watatu: kwenye sherehe za harusi, nje ya kanisa, kwenye foleni ya benki. Kauli yenyewe ni kwamba serikali sasa inataka watoto wetu wawe mafundi, wajifunze kushona na kufuga kuku, kwa hiyo mwenye uwezo amtoe mwanawe mapema, ampeleke shule ya kimataifa akasome mtaala wa nje. Upande wa pili wapo wanaokereka wakisikia hivyo, nao hujibu kwamba shule hizo zinawafundisha watoto kuwadharau bibi zao. Nimezisikiliza pande zote mbili kwa muda mrefu na naona zinagombania andiko ambalo hakuna aliyelisoma. Kila shule ya kimataifa ina maelezo ya kwa nini ipo. Ina dira, ina dhima, ina tunu zilizoandikwa ukutani kwa rangi ya mafuta. Ukizisoma kwa utulivu unakuta zinadai karibu yaleyale yanayodaiwa na mtaala mpya wa Tanzania. Unakuta pia kwamba shule inayozitii kweli, ikiwa imejengwa Mwanza, ingelazimika kulijua ziwa, kukiheshimu Kiswahili na kumfahamu kwa jina mama anayeuza mapanki, vichwa na mifupa ya samaki, nje ya ukuta wake. Mzazi anayeikimbilia shule hiyo na jirani anayeilaani wanashirikiana kosa moja: wote wanaamini kwamba kimataifa maana yake ni kwingine.

Tuanze na neno lenyewe, maana limechakaa kwa kutumiwa ovyo. Siku hizi limebandikwa kwenye mabango ya shule ambazo nyingine huwezi kumkuta mwanafunzi hata mmoja aliyezaliwa nje ya Kanda ya Ziwa. Maana yake ya awali ilikuwa ndogo na ya wazi. Mwaka 1924 mjini Geneva, Uswisi, ilifunguliwa shule kwa ajili ya watoto wa watumishi wa Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, na wa Shirika la Kazi Duniani. Wazazi wao walitoka nchi mbalimbali, leo wapo hapa, kesho wamehamishwa. Mwaka 1968, mjini humohumo, ikaanzishwa Baccalaureate ya Kimataifa, inayojulikana kwa kifupi kama IB, ili mtoto wa kuhamahama awe na cheti kinachopokelewa na vyuo vikuu vya nchi nyingi. Kwetu, Dar es Salaam ilipata shule ya kimataifa mwaka 1963, Moshi mwaka 1969. Hapa Mwanza shule ya Isamilo ipo tangu mwaka 1956, na ni vizuri kukumbuka mwaka huo ulikuwa wakati gani. Elimu ya Tanganyika ilikuwa bado imegawanywa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1962, baada ya uhuru. Mzee wa Mwanza aliyekulia katika mgawanyo ule, akitazama ukuta mrefu wenye mlinzi na basi la njano, haoni shule tu. Anaona uzio anaoukumbuka. Wanaomwambia ameachwa na wakati hawamtendei haki, kwa sababu shaka yake aliijenga kwa macho yake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye yaliyoandikwa. IB wanataja sifa 10 wanazotaka mwanafunzi awe nazo. Miongoni mwake ni udadisi, kufikiri kwa kina, uadilifu, kujali wengine, uwazi wa akili kwa tamaduni nyingine, na kuthubutu. Dhima yao inasema wanataka vijana watakaosaidia kuifanya dunia iwe ya amani zaidi kwa kuelewana na kuheshimiana. Mwanafunzi wa diploma yao hapati cheti kwa mitihani peke yake: lazima aandike utafiti wake mwenyewe wa maneno yasiyozidi 4,000, na lazima ashiriki kazi za ubunifu, za mwili na za kuihudumia jamii. Ukiyaweka maneno hayo pembeni ya mtaala mpya wa Tanzania, ule unaozingatia umahiri, wenye mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi na kazi, na unaomtaka mwalimu aache kumkaririsha mtoto, utashangaa jinsi yanavyofanana. Ukirudi nyuma zaidi, hadi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, unakuta lawama ileile juu ya shule ya kikoloni: inamtenga mtoto na jamii yake, inathamini kitabu kuliko kazi, inamwandaa kwa mtihani ambao wengi hawataupita. Mzazi anayekimbia amali kwenda mtaala wa kimataifa anakimbilia shule ambayo, kwa maandishi yake yenyewe, itamtaka mwanawe ashike jembe, ajenge kitu kwa mikono na akae na watu asiowajua. Kama hataki hayo, amelipa ada mahali pasipo pake.

Kisichofanana ni mazingira, na hapa lazima tuwe wakweli. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2002, ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Kila mlango ulipofunguliwa watoto waliingia kwa wingi, kama ilivyokusudiwa, na sioni cha kusikitikia katika hilo. Lakini madarasa na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Mwalimu wa Mabatini au Igogo mwenye darasa lililofurika anaujua mtaala wa umahiri vizuri tu; anachokosa ni dakika za kumsikiliza kila mtoto akieleza alivyofikiri. Mwenzake wa shule ya kimataifa ana watoto wachache, ana maktaba, ana maabara yenye vifaa. Kwa hiyo mzazi anayelipa mamilioni hanunui falsafa bora ya elimu. Falsafa wanayo wote wawili. Ananunua nafasi ya kuitekeleza. Tukilikubali hili, mjadala wetu wote unahama. Swali la mtaala wa nani ni bora linapungua uzito, na swali la nani anapewa nafasi ya kufundishwa kama mtaala unavyosema linabaki mezani likisubiri jibu kutoka kwa watu wenye bajeti.

Wanaozitetea shule hizi wana hoja nzito ambazo sipendi zipuuzwe. Mwanza ina watu wa kuhamahama kama Geneva ilivyokuwa nao. Ina madaktari wa Bugando waliotoka nchi nyingine, wahadhiri, watumishi wa mashirika, familia za watu wanaofanya kazi kwenye migodi ya Geita na kwingineko. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, anayeishi ng'ambo ya ghuba halali tena na hofu ya kukosa kivuko. Mtoto wa familia kama hiyo akikatizwa masomo kila baada ya miaka miwili anaumia kweli, na mtaala mmoja unaomfuata popote ni msaada wa haki. Wapo pia Watanzania wanaotaka mtoto wao asomee udaktari au uhandisi nje, na hiyo ni ndoto halali. Ningewakumbusha jambo moja tu. Mtoto huyohuyo akija kutaka kuendelea na masomo hapa nyumbani, cheti chake cha nje kitahitaji kulinganishwa na mamlaka za hapa, Baraza la Mitihani likiwemo. Ni utaratibu wa kawaida, hauna ubaya, ila mzazi aujue kabla ya kulipa, asije akaugundua mwezi wa kuomba chuo.

Hoja nzito zaidi ya upande wa wapinzani haihusu utamaduni hata kidogo, ingawa wao wenyewe huitanguliza hiyo ya utamaduni. Inahusu kuondoka. Mhandisi, mwanasheria na mfanyabiashara wa Kirumba wakitoa watoto wao shule ya kata, hawaondoki na ada, maana ada haikuwepo. Wanaondoka na sauti. Kamati ya shule inabaki na wazazi waliochoka, wanaoamka usiku kwenda mwaloni, kwenye soko la samaki ufukweni, ambao hata wakiona choo kimebomoka hawajui waandike barua kwa nani. Hakuna dhima ya shule ya kimataifa niliyowahi kuisoma inayoigusa hasara hii, na nadhani inapaswa kuigusa, kwa sababu shule inayotangaza kwamba inalea raia wa dunia haiwezi kujifanya haioni kinachotokea kwenye shule ya pili yake mtaa uleule. Sisemi wazazi walazimishwe kurudi. Nasema shule iliyowachukua imerithi sehemu ya wajibu wao.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayoniuma, ni ile inayosema kwamba ili mtoto awe wa kimataifa lazima Kiswahili kifungiwe nje ya geti. Inatolewa kwa nia njema. Walimu husema mtoto anayeruhusiwa kuongea Kiswahili mapumzikoni hawezi kukijua Kiingereza, na wazazi huitikia kwa sababu wengi wetu tuliingia kidato cha kwanza tukakutana na Kiingereza kama ukuta, tunajua jinsi kilivyotuaibisha.

Ijumaa moja ya muhula uliopita binti wa kaka yangu, aliye darasa la tatu katika shule moja ambayo sitaitaja, alifika kwangu akiwa bado na sare. Akanipa shikamoo, nikaitika marahaba, akavua begi, na hapo nikaona uzi wa katani shingoni mwake. Mwisho wa uzi kulikuwa na kipande cha plaiwudi chenye upana wa kiganja, kimetobolewa kwa msumari wa moto, kingo zake zimelainika kwa kupita mikono mingi. Juu yake, kwa wino mzito mwekundu, iliandikwa kwa Kiingereza kwamba anayekivaa amezungumza Kiswahili. Alinieleza sheria yake bila kulalamika, kama mtoto anavyokueleza sheria ya mchezo: anayeteleza anavalishwa, anakaa nacho hadi amnase mwenzake, na atakayebaki nacho kengele ya mwisho ya Ijumaa anakwenda nacho nyumbani, Jumatatu anaadhibiwa. Nikamuuliza alisema nini. Akasema rafiki yake alianguka kwenye ngazi akachubuka goti, naye akamwambia, "Pole." Alilitamka neno hilo kwa kunong'ona hata sebuleni kwangu, ambako hapakuwa na mwalimu wala mnasaji. Ukutani mwa shule hiyo, karibu na mlingoti wa bendera, zimeorodheshwa tunu zao. Ya tatu ni kujali wengine.

Niliangalia kile kibao kwa muda. Mtoto alikuwa ameitekeleza tunu ya tatu kikamilifu, papo hapo, bila kufikiri, kwa neno ambalo Kiingereza hakina lenzake. Mtu akijikwaa mbele yako unasema pole ingawa hukumsukuma. Ni neno la kubeba maumivu ya mwenzako kidogo. Watu wengi waliowahi kuishi kwetu huondoka nalo. Shule ikamwadhibu kwa ajili yake. Sasa, hata tukiweka uchungu pembeni na kuichukua hoja ya lugha kama hoja ya lugha, haisimami. Watoto wa kando ya ziwa hili wanabeba lugha mbili tatu kabla hawajaota meno ya pili: Kisukuma au Kikerewe au Kijita cha bibi, Kiswahili cha mtaani, na wengine Kijaluo cha mama. Vichwa vyao havijawahi kujaa. Kinacholeta Kiingereza kizuri ni vitabu vingi, mwalimu anayekimudu na mtoto asiyeogopa kukosea, na kile kibao kinaua hilo la tatu kabla ya yote. Mtoto mwenye woga hajifunzi kusema Kiingereza, anajifunza kunyamaza kwa lugha zote. Tena waanzilishi wa mitaala hii hawakuagiza jambo hilo. Mitihani ya IGCSE, ile ya kimataifa ya sekondari inayotolewa na bodi za Uingereza kama Cambridge, ina somo la Kiswahili. IB inampa mwanafunzi nafasi ya kusoma fasihi ya lugha yake ya mama, hata pale shule isipokuwa na mwalimu wa lugha hiyo. Wanaokifukuza Kiswahili kwa jina la ukimataifa wamekibuni kisingizio hicho wenyewe.

Na kama tunatafuta lugha ya kimataifa, tushuke Kirumba hadi Mwaloni alfajiri yoyote. Magunia ya dagaa yanapangwa juu ya malori yanayokwenda Burundi, Rwanda na Kongo. Mfanyabiashara aliyetoka Lubumbashi anabishania bei na mama wa Ukerewe, na wanaelewana neno kwa neno, yeye na Kiswahili chake chenye harufu ya Kifaransa na mama na chake cha visiwani. Lugha hiyo ilipewa nafasi rasmi na Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika mwaka 2019. Mwaka 2021 UNESCO ikaitengea siku yake ya dunia, 7 Julai, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukaipokea kuwa lugha ya kazi. Dunia nzima inaipandisha ngazi, na katika baadhi ya shule zetu mtoto wa darasa la tatu anaivaa shingoni kama kosa.

Nimetaja Mwaloni makusudi, kwa sababu ndipo ninapoona dhima ya shule ya kimataifa ikipata mwili. Mchukue sangara mmoja. Si samaki wa asili wa ziwa hili. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, akawamaliza furu wa aina nyingi sana ambao babu zetu waliwala. Akifika kiwandani anakatwa vipande, na kila kipande kina pasipoti yake. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya. Mabondo, yale mafuko ya hewa yaliyomo tumboni, yanakaushwa na kupelekwa Hong Kong na China, na kilo yake inashinda kilo ya nyama ya samaki huyohuyo kwa mbali. Kinachobaki ni kichwa na mifupa, mapanki, na hicho ndicho kinachokaangwa kwenye sufuria kubwa nyeusi pembeni ya barabara na kuliwa na watu waliomvua. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipofunga milango kwa samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu, baada ya wavuvi wachache kuvua kwa kumwaga sumu majini, familia za kambi za visiwani zilijua ndani ya wiki moja maana ya soko la dunia. Uchumi wote upo hapo. Baiolojia ipo. Kuna jiografia, maadili, na swali gumu la haki ambalo mtahini wa Cambridge au wa Geneva angefurahi kulisoma likijibiwa na mtu aliyeliona kwa macho. Nimekutana na vijana waliosoma shule nzuri za jiji hili wanaoweza kukueleza uvuvi wa chewa wa Kanada na kuporomoka kwake, lakini hawajui mabondo ni kitu gani, na hawajawahi kukanyaga mwaloni, kwa sababu panatoa harufu.

Hata sheria ya kimataifa inaanzia kwenye maji haya. Mwaka 1929 Uingereza na Misri waliandikiana mkataba uliotoa kauli juu ya maji ya Nile na vyanzo vyake, ziwa hili likiwemo, bila kumuuliza hata mtu mmoja wa Nyanza. Tanganyika ilipopata uhuru ilikataa kufungwa na makubaliano hayo. Miaka mingi baadaye nchi yetu ilivuta maji kutoka Ihelele, Misungwi, kwenda Shinyanga na Kahama, na Oktoba 2024 Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile ukaanza kutumika. Mtoto anayesoma umbali wa kilomita chache kutoka ufukweni anaweza kuyajua haya yote kwa kutembea, kuuliza na kusoma. Nikisikia mwalimu anasema mtaala wa nje hauna nafasi ya mambo ya hapa, huwa namwomba afungue tena mtaala wake, maana wenyewe ndio unaomwambia aanze na yaliyo karibu na mwanafunzi.

Wanaosema shule hizi zinazalisha watoto wasio na asili wanakosea pia, na wanakosea kwa namna inayowaumiza watoto. Asili haipotei kwa sababu mtu amejifunza historia ya Ufaransa. Ningeshauri walete ushahidi wa jambo moja moja: shule gani, inafanya nini, kwa mtoto yupi. Lawama ya jumla inawapa wenye shule njia rahisi ya kutokea, kwa sababu wanajibu kwa picha za siku ya utamaduni, watoto wamevaa vitenge na kucheza ngoma ya Kisukuma dakika kumi, na mjadala unaishia hapo. Bujora, yenye makumbusho ya Wasukuma, iko Kisesa, mwendo mfupi kutoka mjini. Kupeleka wanafunzi wakakae siku nzima na wacheza ngoma, wakaulize Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, walitofautiana kwa nini, ni kazi ya aina nyingine kabisa na haihitaji vitenge vipya.

Kuna mahali pengine pa kuzipimia tunu hizi ambapo hapapigwi picha. Getini yupo mlinzi, mara nyingi mtu mwenye umri wa babu wa wale watoto. Wanamwamkia? Mwalimu aliyetoka Butiama au Bukoba analipwa nini akilinganishwa na mwenzake mwenye sifa zilezile aliyekuja kwa ndege? Huduma kwa jamii ni nini hasa: mara moja kwa mwaka, mchele, sabuni, mafuta ya kula, watoto wa kituo wamepangwa mstari nyuma ya mifuko ili wapigwe picha? Elimu ya Kujitegemea ilichakachuliwa hivyohivyo. Ilitakiwa kumfundisha mtoto thamani ya kazi, na katika shule nyingi ikageuka kulima shamba la mwalimu na kuchota maji kama adhabu. Huduma ya shule za kimataifa inaelekea njia hiyohiyo kwa mavazi mazuri zaidi. Ningependa kuona wanafunzi wa kidato cha tatu wakienda shule ya kata iliyo jirani kila Jumatano, mwaka mzima, wakisoma pamoja na wenzao, vitabu vyao vikiwa mezani kwa wote. Wangejifunza kutoka kwa wale wa kata kuliko wanavyodhani. Maktaba ya shule ya kimataifa inaweza kufunguliwa Jumamosi kwa watoto wa mtaa. Kwa maoni yangu gharama yake ni ndogo: mlinzi mmoja wa zamu, mkutubi mmoja na daftari la kuazimia.

Wathibiti ubora wa shule wakija, huangalia vyoo, madarasa, sifa za walimu. Sioni kwa nini wasiichukue ile karatasi ya dira, dhima na tunu wakaiuliza shule, mstari kwa mstari, lini mara ya mwisho ilitekelezwa na ushahidi uko wapi. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, lingestahili kuwa na nafasi yake katika shule hizo bila kusubiri kulazimishwa. Na wazazi, ambao ndio wanaolipa, wana nguvu kuliko wanavyojua. Siku ya kuandikisha mtoto tunauliza bei ya basi, rangi ya sare, matokeo ya mtihani. Tuulize pia mwalimu wa Kiswahili ni nani na amesomea nini. Mtoto wetu atakapomaliza darasa la sita atakuwa amefika Ukerewe mara ngapi? Mpishi wa shule ana likizo? Bodi itakayosikia maswali hayo kutoka kwa wazazi 20 katika wiki moja itabadilika haraka kuliko itakavyobadilishwa na makala yoyote.

Kaka yangu alikwenda shuleni Jumatatu ile kabla kengele haijalia. Alimuuliza mwalimu mkuu mtoto angetumia neno gani la Kiingereza kumwambia mwenzake aliyechubuka goti. Mwalimu mkuu, mama mstaarabu, alikaa kimya kidogo, kisha akasema adhabu ya siku hiyo ameifuta na suala zima atalifikisha kwenye bodi. Bodi inakutana mwishoni mwa mwezi huu. Kibao bado kipo kwangu, kwenye droo ya meza hii ninayoandikia, na kaka atakipitia Alhamisi aende nacho kikaoni.